Mtumbwi Uwekwe Mezani

Wapo watu wasemao kwamba kuchezea vita mezani, kwa vyombo vidogo vya ubao na dadu, ni utoto. Siwakubali. Bao letu ni nini kama si vita? Kete 64, mashimo 32, nyumba ya kulindwa, na kete za mwenzio za kuliwa. Wazee wenye mvi hulicheza barazani mchana kutwa na hakuna awaitaye watoto. Basi anayetaka kuanzisha mchezo wa vita vya majini hapa Kiongoroni, na auanzishe. Ugomvi wangu ni juu ya vyombo vitakavyowekwa mezani.

Kisa kipo mlangoni petu. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha katika delta hii ya Rufiji. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, wakailinda isitoke. Januari 1915 waliiteka Mafia, na baadaye wakarusha ndege kutoka huko. Tarehe 6 Julai waliingiza manowari mbili za mitoni, Severn na Mersey, kwa mlango wa Kikunja. Siku hiyo walishindwa. Tarehe 11 walirudi, na Königsberg ikaishia matopeni. Mizinga yake 10 iliopolewa ikaenda kupigana nchi kavu. Mmojawapo uko Fort Jesus, Mombasa.

Sasa mtu ataweka mezani meli ya Mjerumani na za Mwingereza, delta aipake rangi ya kijani, aseme mchezo umekamilika. Nasema mchezo huo ni uongo, hata kama kila mzinga umehesabiwa sawasawa.

Königsberg ilidumu zaidi ya miezi 8 tangu igunduliwe kwa sababu gani? Manowari kubwa za Waingereza hazikuweza kuifuata, maji hayakuzitosha. Severn na Mersey ziliweza kwa kuwa zilitosheka na maji ya kina kisichofika mita 2. Mpiganaji mkubwa hapa alikuwa maji yenyewe. Na Königsberg ilipoharibika mitambo, vipande vyake vilikokotwa nchi kavu hadi Dar es Salaam na kurudishwa, kwa mikono ya Waafrika. Jina la nahodha wake, Looff, limo vitabuni. Ya waliovuta kamba sijayaona.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya mchezo wetu iwe maji. Kila baada ya zamu kadhaa yajae au yapwe. Bamvua lifungue vijito, maji mafu yavifunge, na chombo kilichozembea kipwelewe kingoje. Ya pili, pawepo mitumbwi, ngalawa na mashua, zenye kazi zao: kupeleka chakula, kupeleka habari, kuleta rubani. Ya tatu, meli ikiharibika isitengenezeke mpaka mchezaji awe na watu wa kukokota, na watu hao wahesabiwe, wale, wachoke.

Mwenzangu mmoja aliniuliza, “Ndugu yangu, mtumbwi utafanya nini mbele ya mzinga?” Nilimjibu kwamba hautauzamisha. Lakini utapita kwa pondo katikati ya mikoko mahali ambapo manowari haitii pua, na asiye na rubani atalala juu ya fungu la mchanga na mizinga yake yote.

Tumezoea kusema kwamba wapiganapo tembo, zinazoumia ni nyasi. Methali hiyo tumeirudia mno hata tumekubali kuwa nyasi. Nyasi hazikokoti mitambo, wala hazijui mlango upi una maji. Kijana wa Kiongoroni akikaa mbele ya meza ambayo watu wake hawamo, atajifunza kwamba mito hii ilikuwa uwanja wa wengine tu. Mchezo wa kumfundisha hivyo ni afadhali usianze. Aanze na mtumbwi. Manowari atazichonga baadaye.