Panda Mlima Wako Uone

Ndugu msomaji, hebu tujiulize jambo moja. Je, umewahi kupanda mlima ulio karibu na kijiji chako? Sisemi kupanda kwa ajili ya kutafuta kuni. Sisemi kupanda kwa ajili ya kumtafuta ng'ombe aliyepotea. Nauliza kama umewahi kupanda hadi kileleni kwa nia ya kutazama tu.

Nikiuliza swali hili katika madarasa ya kisomo, watu hucheka. Wengine hujibu, "Bwana Afisa, hiyo ni kazi ya Wazungu. Mtu mwenye shamba hana nafasi ya kupanda mlima bure." Jibu hilo naliheshimu, lakini sikubaliani nalo. Maoni yangu ni kwamba kila mtu mzima mwenye nguvu, anayeishi chini ya mlima, anapaswa kuupanda japo mara moja ili aitazame nchi yake. Nitaeleza sababu zangu kwa mfano wa Mlima Rungwe.

Mlima Rungwe na mandhari yake

Mlima Rungwe uko Mkoa wa Mbeya, karibu na mji wa Tukuyu. Kimo chake ni kama meta 2,960 kutoka usawa wa bahari. Ni mlima wa volkano uliolala, yaani zamani ulitoa moto lakini sasa umetulia.

Mtu anayeupanda huanza safari asubuhi na mapema. Kwanza huacha nyuma migomba, chai na viazi. Kisha huingia katika msitu wa miti mikubwa, wenye giza na unyevu. Akiendelea hukuta mianzi. Juu kabisa miti mikubwa humalizika, hubaki vichaka vifupi na majani, na upepo wa baridi. Njia ni ya mwinuko mkali. Kwenda na kurudi ni kazi ya siku nzima.

Lakini anayefika juu siku isiyo na mawingu hulipwa jasho lake. Kusini huona mashamba ya chai ya Tukuyu, halafu bonde la Kyela lenye mpunga na kakao, halafu Ziwa Nyasa liking'aa, karibu meta 2,500 chini ya miguu yake. Mashariki huona Milima ya Livingstone imesimama kama ukuta. Upande wa pili huona Milima ya Poroto, ambako liko Ziwa Ngozi lililokaa ndani ya shimo la volkano ya zamani.

Hayo yote mtu aliye chini huyasikia kwa majina tu. Wahenga walisema, kusikia si kuona.

Mlima ni kitabu

Wewe umejifunza kusoma. Ulianza na herufi moja moja, ukaunganisha silabi, kisha neno, kisha habari nzima. Nchi nayo husomwa hivyo. Ukiwa nyumbani unaona herufi moja moja: kijito hiki, shamba lile, kichaka kile. Ukiwa juu ya mlima unaona habari nzima.

Chukua habari ya maji. Baadhi ya sehemu zilizo chini ya Mlima Rungwe hupata mvua ya zaidi ya milimeta 2,000 kwa mwaka. Msitu huipokea mvua hiyo, udongo huinywa, kisha huitoa polepole katika chemchemi. Maji huteremka kwa mito kama Kiwira na Mbaka mpaka Ziwa Nyasa. Mkulima wa mpunga kule Kyela anategemea msitu ambao pengine hajawahi kuukanyaga. Mtu akisimama kileleni, akaona msitu, mto, bonde na ziwa kwa mtazamo mmoja, hahitaji mwalimu wa kumweleza kwa nini chanzo cha maji kisilimwe.

Mlima pia una hatari zake. Tarehe 3 Desemba 2023, tope, mawe na magogo viliporomoka kutoka Mlima Hanang, Mkoa wa Manyara, baada ya mvua kubwa. Mji wa Katesh na vijiji vya jirani viliharibiwa, na watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Sisemi kwamba matembezi yangezuia msiba ule. Nasema kwamba anayeishi chini ya mlima hana budi kuujua: mikondo yake, mahali palipomeguka, na mahali maji yanapopita yakizidi.

Wenyeji ndio wenye elimu

Usidhani kwamba wataalamu wameyajua yote na wewe umebaki wa kufundishwa. Mwaka 2003 watafiti wa wanyama walikuwa wakizungumza na Wanyakyusa wanaoishi karibu na Mlima Rungwe. Wenyeji waliwatajia nyani mmoja mwenye haya anayeitwa kipunji. Watafiti hawakumjua mnyama huyo. Hakuwamo katika vitabu vyao. Walimtafuta msituni mpaka wakamwona, na mwaka 2005 habari zake zikatangazwa duniani. Leo anajulikana kuwapo Tanzania peke yake, katika misitu ya Rungwe na Kitulo, na katika msitu wa Ndundulu huko Udzungwa. Jina lake la kitaalamu limechukuliwa kutoka jina la mlima huu.

Vilevile, jirani na Rungwe upo Mlima Kyejo. Mlima huo ulitoa uji wa moto kiasi cha miaka 200 iliyopita. Habari hizo zilihifadhiwa katika masimulizi ya wazee, nayo yakawasaidia wataalamu wa miamba.

Basi elimu ya mlima imo vijijini. Lakini elimu hii haihifadhiwi kwa kukaa nyumbani. Mzee asipomwonyesha kijana mti wa dawa, chemchemi na mapito ya wanyama, siku mzee akifa elimu hiyo inazikwa naye. Kijana atabaki kuwauliza wageni habari za kwao.

Katazo peke yake halitoshi

Sasa nafika kwenye jambo linalonisumbua zaidi. Tangu mwaka 2009 Mlima Rungwe umekuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Sheria inakataza kukata miti, kuwinda na kuchoma moto humo. Naiunga mkono sheria hiyo. Lakini tazama: wanavijiji wengi huujua mlima kwa habari ya makatazo tu. Usikate! Usiwinde! Usichome! Mgeni anakaribishwa aje kuufurahia, na mwenyeji anakumbushwa faini.

Mtu hulinda kwa moyo kitu anachokipenda, na hukipenda kitu alichokiona uzuri wake. Mtu aliyepanda na wanawe, akasikia ndege wa msituni, akawaonyesha ziwa kwa mbali, huyo hahitaji kutishwa. Akiona moshi msituni mwezi wa Septemba atakuwa wa kwanza kupiga mbiu. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vijiji na maofisa wa misitu: wapeni wenyeji nafasi ya kuingia mlimani kama wageni wa heshima. Wekeni siku maalumu ya kijiji. Msiwaite watu wakati wa kesi tu.

Majibu kwa wenye shaka

Wako watakaosema, "Uzuri wa mlima haujazi chungu." Ni kweli. Lakini vijana wanaoijua njia, mimea na historia ya mlima wanaweza kuwaongoza wageni wakapata fedha. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hata bila fedha, je, furaha si haki ya mkulima? Tunacheza ngoma, nazo hazijazi chungu. Hatusemi ngoma ni za wageni.

Wengine watasema kwamba mlimani ni mahali pa matambiko. Basi waulizwe wazee kwanza, na mahali wanapokataza pasikanyagwe. Heshima hiyo nayo imeihifadhi misitu kwa miaka mingi.

Wengine wanaogopa hatari. Hofu hiyo ina maana, kwa hiyo fuata mambo haya:

1. Pata kibali katika ofisi ya misitu, na mchukue mtu anayeijua njia.
2. Nenda wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Wakati wa masika njia huteleza na ukungu hupoteza watu.
3. Usiende peke yako. Waambie watu wa nyumbani mtarudi saa ngapi.
4. Chukua maji, chakula na nguo nzito.
5. Mkiona wingu zito au mwenzenu akiumwa, rudini. Mlima hauhami.
6. Msiwashe moto. Takataka zenu mrudi nazo.

Huenda wewe huishi Rungwe. Huenda mlima wako ni Uluguru, Upare, Usambara au Hanang, au kilima kidogo kisicho na jina kwenye ramani. Maneno yangu ni yale yale. Usikubali mgeni atoke mbali aje aione nchi yako kutoka juu, na wewe uliyezaliwa chini yake ufe hujaiona. Zungumza na wenzako darasani, chagueni siku baada ya mavuno, mwende.

Maswali ya kujadili darasani

1. Mlima au kilima kilicho karibu nanyi kinaitwaje? Jina lake lina maana gani?
2. Maji mnayotumia yanatoka wapi? Nani kati yenu amefika kwenye chanzo chake?
3. Mwandishi anasema katazo peke yake halitoshi. Je, mnakubaliana naye? Toeni sababu.
4. Andika habari fupi ambayo mzee wa kijiji chenu amewahi kusimulia kuhusu mlima.