Deni la rafiki linadaiwa

Nani alitufundisha kwamba deni la rafiki halidaiwi? Katika vyumba vya walimu, sokoni Kadutu, hata mbele ya kanisa kiisha misa, utasikia watu wazima wenye diploma wanasema: «Kumudai rafiki ni mambo ya wazungu. Mababu zetu hawakuwa wanahesabiana.» Mimi nasema ni uongo. Tunawasingizia wafu juu hawawezi kujibu.

Tuangalie desturi yenyewe. Hapa Bushi, mtu aliyepewa ng'ombe kwa bugabire alijua kwamba ng'ombe yule ana mwenyewe. Maziwa alikunywa, samadi alitia shambani, lakini alipashwa kupeleka pombe na kusaidia kazi kwa yule aliyemgabira, na ndama hawakusahauliwa. Kwa udongo ilikuwa vilevile: aliyetoa kalinzi alitoa mbele ya mashahidi, ili kesho mtoto wake asifukuzwe. Hakuna aliyeona ni matusi. Urafiki wa familia mbili ulitoka palepale, kwa ng'ombe yule aliyehesabiwa.

Basi aibu hii imetoka wapi? Kwa maoni yangu, imetoka kwa feza zilizoyeyuka mikononi mwetu. Mwaka 1993, zaire 3.000.000 za zamani zilikuwa zaire mpya 1. Mwaka 1998, zaire mpya 100.000 zikawa franka 1. Piga hesabu mwenyewe: zaire za zamani milioni elfu mia tatu kwa franka moja! Mtu aliyekopesha mshahara mzima, akarudishiwa kiisha miezi makaratasi yasiyonunua hata chumvi, angemudai rafiki yake nini tena? Alinyamaza. Kunyamaza kukageuka adabu, na leo adabu ile tunaiita desturi ya mababu. Desturi gani? Ni ya juzi.

Na angalieni jambo la kuchekesha. Walewale wanaosema kuhesabu ni kizungu, kwenye likelemba wanaandika kila jina katika kaye, kila zamu, kila falanga, na hakuna anayesema rafiki amemukosea heshima. Kule wanajua vizuri kwamba bila kaye urafiki utakufa. Namna gani kaye inakuwa dhambi watu wakibaki wawili?

Kimya hiki kina bei. Rafiki asiyelipwa mara mbili hakopeshi mara ya tatu. Atakuambia hana, hata kama anazo. Ndipo mwalimu ambaye mtoto wake amefukuzwa masomo anakwenda kwa «Banque Lambert». (Jina ni la benki ya zamani ya Ubelgiji, yenyewe haimo katika mambo haya.) Kule 50 kwa mia kila mwezi ni kitu cha kawaida. Chukua dola 100 leo, mwisho wa mwezi zinakuwa 150. Ukikosa, unatoa faida tu, dola 50, na zile 100 zinakungojea. Kiisha miezi minne umeisha kutoa 200, na deni liko palepale. Sijasikia hata siku moja mutu anamwambia Lambert: «Ungojee, si tuko marafiki?» Lambert tunamulipa wa kwanza. Yule aliyetukopesha bila faida, kwa roho safi, ndiye tunavuka barabara tusikutane naye.

Wengine watanijibu: na mtu aliyefiwa, na mgonjwa, naye adaiwe? Hapana. Lakini umwambie waziwazi: «Kamata, huu ni musaada.» Kinachoharibu ni lile neno la katikati, «utanirudishia ukipata». Mmoja anasikia zawadi, mwingine anasikia deni, na wote wawili wanatabasamu. Heri kusema kiasi, siku, na kumwita bibi wa mmoja asikie.

Ninasema bibi kwa sababu. Kwenye kilio, mkubwa wa jamaa anasimama na kuuliza: nani alikuwa na deni la marehemu, na marehemu alikuwa na deni la nani? Kwa ulizo la kwanza marafiki wanaangalia chini, watoto wa marehemu wakiwa mbele yao. Kwa ulizo la pili Lambert anainua mkono, na kaye yake iko tayari.