Rezo si Intaneti



Katika mji wetu ukitaja neno "rezo", kila mtu anatazama telefone yake kuona kama iko. Basi mwalimu akiandika ubaoni "rezo ya ofisi", wengi wanawaza antena na megabaiti za kununua. Ndiyo sababu tunasikia kila siku: shule yetu haina intaneti, kompyuta tutajifunza nini? Mimi ninakataa neno hilo, hata likisemwa na wakubwa.

Rezo ni mashini mbili au zaidi zinazopashana habari, basi. Waya moja kati ya kompyuta mbili inatosha. Zikiwa tatu, unaweka katikati kisanduku kinachoitwa swichi, na waya ya kila mashini isipite metre 100. Kila moja inapewa adresi, kama 192.168.1.5, sawa vile nyumba ina avenyu na namba. Mbili zikipewa adresi moja, ni fujo. Ndivyo makarani watatu wanavyotumia imprimante moja ofisini, bila hata megabaiti moja.

Na habari inasafiri namna gani? Watu wa chukudu wanajua somo hili kuliko sisi. Mzigo wa viazi toka Kibumba ukizidi chukudu moja, unagawanywa kwa tano, kila gunia na namba yake na jina la mwenye kupokea. Gunia la tatu likipotea njiani, mnaomba lile moja tu, hamrudishi yote. Kompyuta nayo inakata barua vipande-vipande, na kule inakofika vinapangwa tena.

Hata ukurasa wa wavuti, ile kazi aliyoianzisha Tim Berners-Lee kule Geneva mwaka 1989, ni maandiko tu yenye alama: hii ya kichwa, hii ya fungu, hii ya kiungo. Unaandika, unahifadhi kwa jina lenye .html mwishoni, unafungua. Intaneti haiulizwi. Gazeti hili letu tungeweza kulisoma namna ile kwenye mashini zote za shule, karatasi ikikosa.

Lakini mashini zenyewe ziko ndani ya chumba chenye kufuli. Wanasema tutaziharibu, na umeme unakatika ovyo. Umeme, kweli, hilo ninakubali. Lakini sisi wa mwaka wa sita tunaingia Egzeta karibuni, kisha tunaenda kuomba kazi na daftari zimejaa maelezo, kidole hakijagusa kibonye. Mwenye mjomba aliye na kompyuta nyumbani atajitetea. Yule ambaye mama yake anauza makala Birere, je?

Bwana Prefe, tunaomba saa mbili kila siku ya Posho, wanafunzi wanane kwa zamu. Majina nitaandika mimi, na ufunguo nitaurudisha mwenyewe kwa mkono wako.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa sita