Programu ya wizi haitatujengea antena



Kila mwaka, wakati wa TFC unapofika, swali moja linazunguka kwa wanafunzi wa elektroniki: "Wee, uko na kraki?" Programu za kujaribu antena kwenye kompyuta mbele ya kuijenga zinauzwa maelfu ya dolari, na mwanafunzi ambaye hata minervali inamshinda hawezi kununua. Basi anapewa flashi iliyopita mikono ishirini.

Mmoja wetu aliweka kraki ya namna hiyo siku tisa mbele ya kutetea kazi yake. Virusi vilifunga mafaili yote. Sura tatu zilienda, michoro pia. Asistani alimuambia tu: "Pole, lakini tarehe haibadilike." Hatumtaji ili tumuhaibishe. Tunasema juu karibu sisi wote tulifanya vile vile, na katika miaka yote ya unif hakuna mutu alituambia kwamba njia ingine iko, tena ya haki.

Iko. Inaitwa programu huria: kodi yake iko wazi, unaisoma, unaibadilisha, unamukopia mwenzako kwenye flashi bila kuwa muizi. Leseni ya GPL njo inasema hivyo. Inadai pia kitu kimoja: ukigawa ile uliyobadilisha, na wenzako wapate kodi yake. Kwetu ambako mega zinanunuliwa kwa kuhesabu, haki ya kukopia si jambo dogo. Mutu mmoja anashusha, mtaa mzima unapata.

Wengine wakisikia "bule" wanafikiri ni kitu cha chini. Meep ilizaliwa MIT, Marekani. openEMS ilitoka kwa watafiti wa Ujerumani. NEC-2, ya antena za waya, iliandikwa katika maabara ya Livermore kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani, na maelezo yake yalitoka mwaka 1981. Ni ya kizamani mpaka mistari unayoipa bado inaitwa "kadi", juu wakati ule walitoboa kadi kweli. Kadi ya GW inaeleza waya, EX inasema umeme unaingia wapi, FR inatoa masafa. Mistari michache tu, na antena yako inajibu.

Tulianza na antena ya kupokea FM. Kwa megahezi 100 wimbi lina metre 3, kwa hiyo nusu yake ni metre 1.5. Kitabu kinaishia pale. NEC-2 ilituonyesha kwamba waya wa metre 1.5 kamili ni mrefu kidogo, haukubaliani vizuri na masafa yale. Tukaukata kwenye kompyuta mpaka karibu na metre 1.42, ukatulia. Tulikata mara kumi na moja bila kupoteza hata sentimetre moja ya shaba. Anayejua bei ya shaba hapa anatuelewa (ndiyo, shaba, katika inchi hii yetu).

Kiisha tukataka kuelewa mashine inafikiri namna gani. Mwaka 1966 Kane Yee alitoa njia ambayo Meep na openEMS zinaitumia mpaka leo. Unagawa hewa kwa masanduku madogo. Nguvu ya umeme unaiweka kwenye kingo za sanduku, ya sumaku kwenye nyuso zake. Unahesabu moja, nusu hatua mbele unahesabu ingine, zinarukana kama watoto wanaocheza. Ni kujumlisha, kutoa na kuzidisha, hakuna uchawi. Ile ya mstari mmoja tuliandika kwa Python, mistari haikufika hamsini.

Na msituambie kwamba inaomba kompyuta ya wazungu. Masanduku 100 kila upande ni masanduku milioni 1. Kila moja linabeba namba 6, kila namba bayiti 4: jumla mega 24. Ukienda 300 kila upande unafika mega 648. Hata ukiongeza namba za vyuma na hewa, kompyuta ya kukuu ya giga 4 inaweza. Ugumu uko kwingine: ukitaka masanduku madogo mara mbili, kumbukumbu inapanda mara 8 na muda mara 16, juu hatua za wakati nazo lazima zipungue. Wimbi lisiruke sanduku. Hilo linaitwa sharti la Courant, jina la mwanahesabu. Tulicheka sana siku ile, juu sharti letu la kwanza lilikuwa "courant" yenyewe: inakatika saa nane ya usiku, hesabu ya masaa sita inaanza upya. Basi tukafungua kodi yetu tukaiambia ihifadhi kazi kila dakika kumi. Programu iliyofungwa haikuachie ufanye hivyo.

Lakini kompyuta inasema uongo na rangi nzuri. NEC-2 inakuuliza antena imesimama juu ya udongo gani. Vitabu vinatoa udongo wa wastani: 13 kwa ile permitiviti, 0.005 kwa namna unavyopitisha umeme. Sisi tunajenga Goma, juu ya lava ya 2002! Mawe makavu yenye matundu. Ukiweka namba za shamba la Ulaya, utapata mchoro wa shamba la Ulaya.

Kwa vyuo vikuu tunaomba mambo ambayo hayagharimu hata franga moja ya leseni. Ziwekeni programu hizi kwenye mashine za maabara. Wekeni kopi chuoni ili mwanafunzi asinunue mega. Kubalini TFC yenye kodi wazi, na msikubali tena ile ambayo kila mutu ndani ya salle anajua ilitoka kwenye kraki. Simu zetu ziko na tantali inayotoka kwenye vilima hivi; antena iliyo ndani yake, hakuna mwalimu aliyetufundisha kuichora.

Na sisi vijana, tusingojee semina yenye perdiem. Maelezo ya NEC-2 tumeanza kuyaandika kwa Kiswahili. Tumefika kwenye kadi ya udongo na pale tumekwama. Mwenye kifaa cha kupima udongo, hata cha kuazima siku moja, atuite. Tutakuja na waya, na kompyuta ile ya giga 4.