Jiko la Muhogo ni Jani Lake

Mihogo ikichimbuliwa na kuonekana myembamba kama vidole, maneno huanza upesi kijijini. Mmoja husema: «Udongo umechoka.» Mwingine hunong'ona: «Shamba limelogwa, nguvu ya mihogo yetu imevutwa na mtu.» Na mara nyingi anayetajwa ni mama mzee, mjane asiye na mtetezi. Udongo huweza kuchoka, ni kweli. Lakini juma hili twataka kuwaonyesha mahali pengine pa kutazama, kabla ya kumtazama jirani kwa jicho baya. Mahali hapo ni jani.

Tujiulize kwanza: muhogo hula nini? Wengi watajibu: hula udongo. Hata watu wa Ulaya walidhani hivyo kwa muda mrefu. Ndipo tabibu mmoja wa Bruxelles, Jan Baptist van Helmont, aliyefariki mwaka 1644, alipotaka kupata jibu kwa mizani. Alitia katika chombo udongo mkavu wa kilo 90 hivi, akapanda humo mti mdogo wa kilo 2 na kitu. Kwa muda wa miaka 5 alimwagilia maji tu. Mwishowe mti ulikuwa na uzito wa kilo 77 hivi. Na udongo? Ulipungua gramu 60 tu, au pungufu kidogo. Basi, mti ule mzima haukutoka katika udongo. Van Helmont alidhani umetoka katika maji peke yake. Alikuwa ameona nusu ya ukweli. Nusu ya pili ilikuwa hewani, nayo haionekani kwa macho.

Mwaka 1771, Mwingereza Joseph Priestley aliwasha mshumaa ndani ya chombo kilichofungwa, mpaka hewa ikaharibika na mshumaa ukazimika. Akatia humo kijiti cha mnanaa. Baada ya siku 10 mshumaa uliweza kuwaka tena katika hewa ile. Mmea ulikuwa umeitengeneza. Lakini jaribio hilo liliporudiwa, mara lilifaulu, mara halikufaulu. Mwaka 1779 daktari Jan Ingenhousz, mzaliwa wa Breda katika Uholanzi, alifumbua fumbo hilo: kazi hiyo hufanywa na sehemu za kijani tu, tena penye mwanga tu. Gizani mmea huvuta hewa na kuichafua kama sisi.

Leo wataalamu wajua jinsi kazi hiyo inavyoendeshwa, nao huiita usanisinuru, yaani kuunganisha vitu kwa nguvu ya nuru. Sisi tulinganishe jani na jiko la mama. Jiko lahitaji vyakula vya kupika, chungu na moto.

Chakula cha kwanza ni maji. Mizizi huyanyonya ardhini, nayo hupanda kwa mishipa myembamba hata majanini. Cha pili ni hewa iitwayo kabonidioksidi, ile ile tunayoitoa puani, ile ile itokayo katika moto wa kuni. Nayo ni haba mno: katika sehemu 10,000 za hewa, haifiki hata sehemu 5. Huingia kwa vitundu vidogo sana, ambavyo kwa kawaida ni vingi zaidi upande wa chini wa jani. Chungu ni chembechembe za kijani zilizomo ndani ya jani. Rangi yao huitwa klorofili. Na moto ni jua lenyewe.

Klorofili hunasa nguvu ya mwanga. Kwa nguvu hiyo maji hupasuliwa sehemu mbili: oksijeni na hidrojeni. Oksijeni hutoka nje kwa vitundu vile vile, nasi twaivuta na kuishi. Hidrojeni hubaki, huunganishwa na kabonidioksidi, na mwisho wake ni sukari. Sukari hiyo husafiri kwa maji ya mmea, hushuka katika shina mpaka mizizini, na huko hugeuzwa kuwa wanga. Wanga huo ndio unga wetu, ndio bukari tunayoizunguka jioni pamoja na watoto. Kwa hiyo kiazi cha muhogo ni ghala tu. Aliyepika ni jani.

Je, udongo hauna kazi? Unayo. Humpa mpishi chumvi zake, chache kwa uzito, lakini pasipo hizo hawezi kuunda kijani chake wala kukua. Mbolea ya samadi na ya majani yaliyooza bado yatufaa sana.

Ninyi wanafunzi, jaribuni wenyewe. Chukueni kipande cha muhogo mbichi kilichokatwa, mdondoshee tone moja la iodini, dawa ya vidonda. Patageuka buluu nyeusi: hiyo ni alama ya wanga. Tena, tieni majani yaotayo ndani ya maji ya ziwa katika gilasi ya maji, mkaiweke juani. Mtaona mapovu madogo yakipanda. Mkiihamisha kivulini, mapovu yatapungua.

Sasa turudi shambani. Ikiwa jani ndilo jiko, mambo matatu yatuhusu.

La kwanza ni sombe. Sombe ni chakula chema, chenye kuwajenga watoto. Lakini anayeyachuma majani ya mti ule ule kila juma, akauacha na matawi matupu, amezima jiko kabla chakula hakijaiva. Mmea hulazimika kutumia akiba yake kuotesha majani mapya, wala hauna cha kushusha mizizini. Tuchume kidogo kidogo, tubadili miti, au tutenge sehemu ndogo ya shamba kwa ajili ya sombe tu.

La pili ni ugonjwa wa mozaiki. Jani hukunjamana na kuwa na madoa ya manjano. Penye manjano kijani kimepungua, na upishi umepungua pia. Ugonjwa huo ni wa virusi, nao huenezwa na nzi weupe wadogo, tena na sisi wenyewe tupandapo vijiti vilivyokatwa katika miti migonjwa. Tuchague vijiti vya miti mizima, na tukipata aina zinazouvumilia ugonjwa huo, tuzipande.

La tatu ni kivuli. Muhogo uliosongwa na magugu, au uliopandwa chini ya miti mikubwa, una jiko lisilo na moto. Tupalilie mapema.

Wasomaji wapenzi, haya si elimu ya darasani tu. Mwenye kumtaja jirani kuwa mchawi kwa sababu ya mihogo myembamba amevunja Amri ya Nane, naye huenda akawa chanzo cha mzee kufukuzwa nyumbani mwake, kupigwa, hata kuuawa. Na baada ya ubaya huo wote, mihogo ya mwaka ujao itakuwa myembamba vile vile, kwa kuwa jani la manjano lingali shambani.

Mungu ametupa macho na akili kusudi tuvitumie. Kila asubuhi huwasha jua lake juu ya shamba la mjane na shamba la tajiri, naye hakumpa mtu yeyote uwezo wa kuliiba. Basi, mavuno yakipungua, baba na mama waende pamoja shambani, wageuze jani, walitazame pande zote mbili. Huko watapata la kufanya, na jirani yao atalala kwa amani.