KODI SI MWIZI WA BAHATI NASIBU

Hebu tulijadili jambo hili bila kufokeana. Kila bahati nasibu ya Marekani inapotajwa darasani, utasikia, "Maskini! Ameshinda, halafu serikali ikamnyang'anya!" Mimi nakataa, na hesabu yenyewe inakataa.

Mnamo Novemba 2022, tikiti moja ya Powerball iliyouzwa Altadena, jimbo la California, ilishinda dola bilioni 2.04. Hivyo ndivyo ilivyotangazwa. Lakini msidhani bilioni hizo mbili na ushei zilikuwa sandukuni zikimngoja mwenyewe! Ni jumla ya malipo 30 yanayotolewa kidogo kidogo kwa miaka 29. Anayetaka zote kwa mkupuo hupewa pungufu; safari hiyo zilikuwa milioni 997.6. Tazameni basi: zaidi ya bilioni moja imeyeyuka na mtoza kodi bado hajabisha hodi.

Sasa ndipo anaingia. Serikali kuu hukata asilimia 24 papo hapo, kisha hudai nyingine baadaye, kwa sababu mapato makubwa hivyo hutozwa asilimia 37. Hubaki kama milioni 628. California haitozi kodi ushindi wa bahati nasibu yake, wala Texas na Florida hazina kodi ya mapato ya jimbo. Lakini mkaazi wa jiji la New York, loo! Jimbo hutaka hadi asilimia 10.9, na jiji nalo 3.876. Kwa kitita kile ni zaidi ya milioni 140 tena.

Ni nyingi, ndiyo. Lakini mfanyakazi wa kiwandani hukatwa kodi kwa jasho lake. Mbona aliyenunua tikiti ya dola 2 asikatwe?

Wenzangu husema majimbo ndiyo yenye mchezo, na tayari yameshakula: katika Powerball nusu tu ya pesa za tikiti huenda kwenye zawadi. Hoja nzito hiyo. Basi tuilaumu serikali kama mchuuzi, si kama mtoza kodi. Mchuuzi akitangaza gunia la mahindi la kilo 90, ukifika akupimie kilo 44, si soko zima litampigia kelele? Bango liandike pesa taslimu kwa herufi kubwa zile zile. Na chini yake, ati wasione haya, waandike nafasi ya kushinda: moja katika milioni 292.