Uongo wa Marekani Una Digrii

Mgeni rasmi wa mahafali alituchelewesha saa mbili chini ya maturubai, kisha akatuhutubia kuhusu Marekani. Demokrasia yao inaporomoka, alisema, kwa sababu wananchi hawakuelimishwa, wanameza kila uzushi wa mitandaoni. Dawa ni elimu. Wazazi wakapiga makofi, vigelegele vikafuata. Mimi nilikunja mikono.

Huo wimbo nimeuchoka. Kila penye maovu tunamtafuta mjinga wa kumbebesha, maana mjinga hana wa kumtetea. Hebu tuwatazame waliouleta huo uzushi, kwamba Donald Trump aliibiwa kura.

Januari 6, 2021, umati ulipovamia Bunge la Marekani kuzuia ushindi wa Joe Biden usiidhinishwe, hoja za kisheria zilikuwa zimekwisha kupikwa na John Eastman, profesa wa sheria ya katiba aliyewahi kuwa msaidizi wa Jaji Clarence Thomas wa Mahakama ya Juu. Yeye ndiye aliyeandika waraka wa kumwelekeza Makamu wa Rais Mike Pence namna ya kuzikwepa kura za majimbo. Seneta Ted Cruz alikuwa naye katika kupinga matokeo: Princeton, kisha Harvard. Hata Stewart Rhodes wa kundi la wanamgambo la Oath Keepers, aliyehukumiwa miaka 18 kwa njama ya uasi kabla Trump hajamfungulia Januari 2025, ni mhitimu wa sheria wa Yale. Mjinga yuko wapi hapo?

Halafu kuna Josh Hawley, Seneta wa Missouri: Stanford, Yale, na katiba amewahi kuifundisha chuoni. Kabla ya uvamizi aliwainulia ngumi watu waliokusanyika nje. Walipoingia ndani, kamera zilimnasa akitimua mbio. Usiku, vioo vikiwa bado vimetapakaa, akasimama kupinga kura za Pennsylvania. Kampeni yake baadaye iliuza vikombe vyenye picha ya ile ngumi. Picha ya mbio haikupata kikombe.

Na Fox News je? Kesi ya kampuni ya mashine za kura, Dominion, ilianika ujumbe ambao watangazaji na wakubwa wao waliandikiana faraghani: madai ya wizi wa kura waliyaona upuuzi. Hewani wakayaachia, kwa sababu watazamaji walikuwa wakihamia kituo pinzani cha Newsmax. Aprili 2023 wakakubali kulipa dola milioni 787.5. Huyo ni muuza nyama anayejua imeoza na bado anaipima kwenye mizani.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, ananiambia Wamarekani waongezewe vipindi vya uraia. Vizuri. Vifundishwe na nani, Profesa Eastman?

Sisi nasi tumezidi kuabudu vyeti. Mtu anapewa udaktari wa heshima Jumamosi, Jumatatu anakununia usipomwita Dokta, na akisema jambo kwenye kipaza sauti hakuna wa kumuuliza amelitoa wapi. Halafu tunashangaa uongo unavyosafiri.

Na uongo huumiza watu. Kule Atlanta, Marekani, mama na binti yake walikuwa wakihesabu kura. Rudy Giuliani, mwendesha mashtaka wa zamani na meya wa zamani wa New York, akaitangazia dunia kwamba wamepeana kifaa cha kompyuta cha kuiba kura. Binti alipoulizwa mbele ya kamati ya Bunge alichopewa na mama yake, alijibu: peremende ya tangawizi. Desemba 2023 jopo la mahakama likaamuru Giuliani awalipe dola milioni 148. Wakati huo vitisho vilikuwa vimekwisha kumhamisha mama nyumbani kwake.

Uongo huu unalipa kura, na asiyeununua anafukuzwa sokoni. Rusty Bowers, aliyekuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Arizona, Mrepublikani, alikataa kuyapindua matokeo ya jimbo lake. Wanachama wa chama chake wakamwangusha kwenye kura za mchujo Agosti 2022. Mwezi huohuo Mbunge Mrepublikani Liz Cheney wa Wyoming, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa kamati iliyochunguza uvamizi, akashindwa vibaya. Hawley na Cruz walirudishwa Seneti Novemba 2024.

Cheney, kwa taarifa ya mgeni rasmi, alihitimu sheria Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1996. Eastman alihitimu hapohapo, mwaka mmoja kabla yake.